Mwili Wako Haujaharibika, Umegeuka Bahili Tu

Wiki jana nilifuta ile video yangu ya wiki 12 bila ugali. Najua ndiyo mliitazama kuliko zote, na wengi mmeniuliza mbona. Nitafika hapo, mnivumilie kidogo.

Mwaka jana nilikuwa najiandaa kwa shindano dogo la kujenga mwili. Kocha akanipa karatasi: ute mweupe wa mayai, kidari cha kuku bila ngozi, kabichi ya kuchemsha, maji. Basi. Mimi mtu wa Kakamega, miezi karibu mitatu bila ugali! Lakini mafuta yalitoka kweli. Tumbo likagawanyika, picha zikatoka poa, mkanipigia makofi.

Yenye sikuwaonyesha ni haya. Saa saba mchana, jua linawaka stendi, mimi niko ndani ya sweta na bado nasikia baridi. Ngazi za ghorofa moja zinanishinda. Hamu ya mapenzi iliisha kabisa, na niko na miaka 22, mazee. Tukaenda matanga Shinyalu, kukhu akaniwekea firigisi kwa heshima, nikakataa. Aliniangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeenda kupimwa. (Na firigisi hata haina mafuta mengi. Hiyo najuta mpaka leo.)

Baada ya jukwaa nilirudisha uzani wote ndani ya wiki chache, na kidogo juu yake. Kulalamika kwa kocha, ananiambia metaboli yangu, yaani ile kazi ya mwili kugeuza chakula kuwa nguvu, "imeharibika", lakini bahati nzuri ako na programu ya kuirekebisha. Ya kulipia, of course.

Sikulipa. Nilikaa chini nikasoma.

Mwili haujui ati kuna shindano. Unajua tu chakula kimepungua, na unafanya venye mama yeyote hufanya mshahara ukichelewa: unabana matumizi. Kwanza, mwili mdogo unahitaji kalori chache, hiyo ni hesabu ya kawaida. Halafu unakufanya ukae sana, utembee pole pole, uache hata kutikisa mguu ukiwa kwa kiti, na wewe huoni. Homoni za thairoidi zinashuka, ndio maana ya ile sweta. Leptini, ambayo huambia ubongo kuna akiba, inashuka pia, na njaa inapanda. Mambo ya uzazi yanawekwa kando kwa sababu mwenye njaa si wa kuleta mtoto.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ambao ulinitisha. Walimfuata mjenga mwili mmoja asiyetumia dawa, miezi 6 kabla ya shindano na 6 baada. Moyo wake akiwa amepumzika ulitoka mapigo 53 kwa dakika ukafika 27. Testosteroni ilibaki karibu robo ya ilivyokuwa. Lakini sikia sehemu yenye kocha wangu hangeniambia: alipoanza kula, testosteroni ilirudi ndani ya miezi 3.

Wafini nao walifuata wanawake 27 wa mashindano ya aina hii, wakachapisha mwaka 2017. Homoni nyingi zilishuka wakati wa kukata mafuta, na nyingi zikarudi baada ya miezi mitatu minne ya kula vizuri. Si zote. Homoni moja ya thairoidi na testosteroni zilikuwa bado chini.

Kwa hivyo ukweli hauko kwa yule anayesema "kula kidogo tu, hakuna shida", na hauko kwa yule anayesema umeharibika. Kuna watu 14 wa kipindi cha televisheni cha Marekani, The Biggest Loser, waliopimwa baada ya miaka 6. Miili yao bado ilikuwa inachoma karibu kalori 500 kwa siku chini ya ilivyotarajiwa. Hao walikuwa wanene sana mwanzoni, si wanamichezo, kwa hivyo siwezi nikakwambia itakuwa hivyo kwako. Lakini kalori 500 ni karibu sahani nzima ya ugali, kila siku, na mwili haujasahau.

Mimi kurekebishwa kwangu kulikuwa ugali, mrenda, kulala, na kungoja. Hakuna programu. Na shida yangu na hii biashara iko hapo: picha ni ya siku moja, mtu amejikausha mpaka maji, halafu inauziwa mtu wa kawaida kama maisha. Mimi pia niliiuza. Sikuchukua pesa, lakini nilichukua makofi yenu.

Sasa ile video. Msichana mmoja aliniandikia. Alifuata karatasi yangu kama ilivyo, neno kwa neno, na hajaona hedhi miezi minne. Nilimwambia aende hospitali na aanze kula, kwa sababu hedhi ikikatika hivyo hata mifupa inaumia. Akanijibu, "Lakini wewe si ulifanya na ukatokea poa?"

Nikaifuta usiku huo. Yeye anasema ataacha baada ya Desemba, dada yake ako na harusi.