Miji Yetu: Webuye, Mji wa Maporomoko na Karatasi

Msafiri atokaye Eldoret kwenda Malaba, akiisha kuupita mji wa Turbo, huteremka polepole kutoka nchi ya baridi na kuingia nchi ya mahindi na miwa. Hapo ndipo aukutapo mji wa Webuye, katika jimbo la Bungoma. Mji wenyewe si mkubwa, lakini umekaa mahali pema sana, kwa maana njia mbili kuu za nchi hukutana hapo. Ya kwanza ni hiyo iendayo Uganda. Ya pili yatoka Kitale, yapita Kiminini, Misikhu na Lugulu, yaingia Webuye, kisha yaendelea kwa Malava na Kakamega mpaka Kisumu. Kwa sababu hiyo wageni hawakosekani mjini usiku wala mchana, na mwenye chai ya kuuza hakosi mnunuzi.

Karibu na mji hupita mto Nzoia, ambao maji yake yatoka milima ya Cherangany na Mlima Elgon na kumwagika katika Ziwa Victoria. Kabla ya kuliacha eneo la Webuye mto huu huanguka juu ya majabali kwa kishindo. Wenyeji waliyaita maporomoko hayo Nabuyole tangu zamani. Wazungu walipokuja waliyapa jina la mwenzao mmoja, wakayaita Broderick Falls. Na reli ya kwenda Uganda ilipojengwa katika miaka ya 1920, stesheni nayo ikabandikwa jina lilo hilo. Hivyo kwa miaka mingi mji uliandikwa katika tiketi na barua kwa jina la mtu ambaye wenyeji wengi hawakumjua. Baada ya uhuru wa 1963 jina hilo liliachwa, na Webuye ndilo jina lililobaki.

Nyuma ya mji kimesimama kilima cha Chetambe. Mgeni hukitazama akaona mawe na vichaka tu, lakini mwenyeji hakitazami hivyo. Wazee wa zamani walijenga ngome pale juu, yenye ukuta wa udongo na handaki kulizunguka boma. Mwaka 1895 Bwana C. W. Hobley, ofisa wa Kiingereza aliyekaa Mumias, alileta jeshi la askari wa Kisudani, pamoja na Waganda, Wawanga na Wamasai, kuja kuwapiga Wabukusu. Walianza vita huko Lumboka, kisha wakaja Chetambe. Watu wa ngome walikuwa na mikuki, na bunduki chache. Adui alikuwa na mzinga wa Maxim. Wengi walikufa siku hiyo. Kumbukumbu yao haikupotea, kwani mwezi Septemba 1947, miaka zaidi ya hamsini baadaye, Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwakusanya maelfu ya watu pale pale ili kuwakumbuka waliokufa.

Wakazi wa Webuye ni Wabukusu na Watachoni, na upande wa kusini wamepakana na Wakabras. Ni wakulima. Mahindi, maharagwe, wimbi na miwa ndivyo vilimo vyao, na ng'ombe ni akiba ya nyumba. Dini ya Kikristo iliingia mapema: Marafiki, ambao huitwa Waquaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, na baadaye wakafanya kituo Lugulu, ambako shule na hospitali zimesaidia watu wengi; nao Wakatoliki wakakaa Misikhu. Hata hivyo desturi za kale hazikuachwa. Kila mwaka wa pili, mwezi wa Agosti, ni majira ya tohara. Mvulana huzunguka kwa jamaa zake akipiga kengele za chuma na kuwaalika. Kisha alfajiri ya siku yake huoga mtoni, hupakwa tope, hurudi nyumbani na kusimama mbele ya watu bila kupepesa jicho. Hata mtoto wa karani aliyezaliwa Nairobi huletwa nyumbani kwa siku hiyo.

Basi, mji huu mdogo wa stesheni na maduka machache uligeuka mwaka 1969 ilipoanzishwa kampuni ya Pan African Paper Mills. Serikali ya Kenya ilishirikiana na kampuni ya Orient Paper ya Bara Hindi, na shirika moja la Benki ya Dunia likatia fedha. Mahali palichaguliwa kwa akili: maji ya mto yalikuwapo, reli na barabara zilikuwapo, na misitu ya misonobari ilipandwa Turbo na kwingineko ili kukilisha kiwanda. Gogo lilimenywa maganda, likakatwa vipande vidogo, likapikwa kwa dawa kali mpaka likawa uji, na uji ukatandazwa na kukaushwa ukawa karatasi. Mtoto wa shule wa Mombasa aliandika hesabu zake juu ya mti uliopikwa Webuye.

Faida ilionekana upesi. Watu zaidi ya elfu moja walipata kazi kiwandani, na wengine wengi walikula kwa mgongo wao: wakata magogo, madereva, wenye nyumba za kupangisha, mama wauza mboga. Lakini hasara nayo ilikuwapo. Moshi wa kiwanda ulikuwa na harufu ya mayai yaliyooza. Msafiri aliinusa kabla hajauona mji. Mabati ya nyumba yalilika na kutu kabla ya wakati wake, na watu wa chini ya mto wakanung'unika juu ya maji machafu. Mwenyeji akiulizwa habari ya harufu hiyo alikuwa akijibu kwamba hiyo ndiyo harufu ya mshahara.

Wahenga walisema, mtegemea nundu haachi kunona. Hawakusema atakuwaje ng'ombe akifa. Mwezi Januari 2009 kiwanda kilifungwa kwa sababu ya madeni. Hewa ikawa safi, na mifuko ikawa mitupu. Wapangaji wakafunga mizigo, nyumba zikabaki na kufuli, na baba aliyezoea kulipa karo kila muhula akaanza kuuza mbuzi mmoja mmoja. Kilifunguliwa tena mwishoni mwa 2010, lakini hakikudumu. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa jamaa ya Rai kwa shilingi milioni 900, na kazi ikarejea, ila si kwa wingi wa siku za kwanza.

Katika miaka hiyo ya dhiki jambo moja lilionekana wazi. Mfanyakazi aliyeuacha ugo wa kwao ukaota magugu kwa kuwa alikuwa na mshahara, huyo ndiye aliyetaabika zaidi. Na yule aliyekuwa akipanda gari kila Jumamosi kwenda kuangalia mahindi na ng'ombe wake, huyo aliumia, lakini watoto wake hawakulala njaa. Kadhalika vyama vya akina mama vya kuweka akiba, ambavyo wanaume wengi walivicheka kwamba ni vikao vya porojo, ndivyo vilivyolipia karo na dawa katika nyumba nyingi.

Kwa hiyo Webuye haukufa. Malori ya Uganda bado yapita, soko bado lajaa, miwa bado yapelekwa katika njia ya Bungoma, ambako kiwanda cha sukari cha Nzoia kipo, ijapokuwa nacho kimepata taabu zake. Mto haukungoja idhini ya kampuni yo yote ili kuanguka pale Nabuyole. Kilicho haki ni kwamba mji wenye maji, njia kuu mbili na ardhi ya rutuba usiweke tena maisha yake yote chini ya bomba moja la moshi. Wazee wanaolikumbuka jina la Broderick wamekwisha kuona mambo matatu yakija na kuondoka, yaani reli ya abiria, mshahara wa karatasi, na jina lenyewe. Shamba ndilo ambalo hawakuliona likiondoka, na kijana wa Webuye aliyemaliza shule mwaka huu afanya vema akiwauliza habari zake kabla hajapanda basi la Nairobi.