Sehemu ya 6: Ukimsindikiza mwenzio kliniki ya ngozi, usimjibie

Leo nina neno na nyie mnaosindikiza. Wewe unayesoma hapa Kiswahili kwako si tatizo. Ila nyumbani kwako au mtaani kwako yupo ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu: bei gani, asante, kesho. Huyo post yangu haimfikii. Itamfikia kupitia wewe.

Tabora hii ina watu wa namna hiyo wengi kuliko tunavyodhani. Kuna wafugaji wa Kisukuma wanaoishi mbali porini, baba anajua Kiswahili kwa sababu anauza ng'ombe mnadani, mama hajui. Kuna Ulyankulu, ambako watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipewa mahali pa kuishi. Wengi wao sasa ni Watanzania kabisa, vyeti vya uraia viligawiwa 2014. Lakini cheti hakimfundishi mtu lugha, na mama ambaye shule hakuipata bado anaongea Kirundi ndani ya nyumba yake.

Miaka ya nyuma, kwenye kituo kimoja nilichofanyia kazi, alikuja mama wa huko na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto ana vipele katikati ya vidole, kwapani, kiunoni, usiku halali kwa kujikuna. Kasindikizwa na wifi yake anayeongea Kiswahili safi. Kila nikiuliza, wifi anajibu papo hapo bila hata kumgeukia mwenye mtoto. Nani mwingine nyumbani anajikuna? "Hakuna." Alishapakwa dawa gani? "Hakuna." Mama mwenyewe kakaa kimya, anatabasamu na kutikisa kichwa kila nikimwangalia. Na mimi nikaona mambo yanakwenda haraka, foleni ni ndefu, nikafurahi. Hilo kosa ni langu, silikwepi.

Ilikuwa upele, ule unaosababishwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Nikaeleza kama dakika tatu hivi: dawa ipakwe mwili mzima na si penye vipele tu, hadi chini ya kucha na kwenye nyayo. Watu wote wa nyumba wapake siku ileile, hata asiyejikuna. Nguo na mashuka yafuliwe, yaanikwe juani. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili tatu hata kama wadudu wamekufa, msianze kupaka kila siku. Wifi akamgeukia mama, akasema maneno kama manne. Mama akatikisa kichwa. Wakaondoka.

Wiki tatu baadaye wamerudi, mtoto ana usaha mikononi na homa. Safari hii kaja na jirani, mama mtu mzima aliyetulia, na huyu aliuliza kisha akasubiri jibu. Ndipo tukajua. Dawa ilipakwa kwenye vipele tu, kwa mtoto tu. Nyumbani wanalala watano kitanda na mkeka mmoja, na watatu walikuwa wanajikuna tangu mwanzo. Na kulikuwa na krimu ya dukani iliyopakwa mwezi mzima, ile inayotuliza muwasho huku tatizo likiendelea chini kwa chini. Mama alikuwa anayajua yote hayo, ila hakuna aliyemuuliza kwa lugha yake.

Jamani, ngozi si kama malaria ambayo kipimo kinasema chenyewe. Mara nyingi ngozi ni maneno: linawasha au linauma? Lilianza lini, wapi? Ukikisia jibu moja unatupeleka njia nyingine kabisa. Chukua baka lenye rangi hafifu kuliko ngozi, haliwashi, na ukiligusa kwa pamba mwenyewe hahisi. Hapo lazima tufikirie ukoma, ambao unatibika na dawa zake ni bure, na ukiwahiwa mtu hapati ulemavu. Sasa wewe msindikizaji ukisema "linawasha" kwa sababu mabaka mengi unayoyajua yanawasha, tutaandika fangasi, atapewa krimu, atarudi mwakani vidole vimeshapinda.

Kwa hiyo ukimsindikiza mtu, geuza swali kama lilivyo, kisha nyamaza. Akijibu maneno mengi, yalete yote, hata unayoona ya kijinga. Nesi akieleza mengi, mwambie asimame kidogo ili umfikishie mwenzio kipande kwa kipande. Kabla hamjatoka, mwambie mgonjwa aonyeshe kwa mikono yake atapakaje, kuanzia wapi mpaka wapi. Hapo ndipo utajua kama ameelewa, maana kutikisa kichwa mara nyingi ni heshima tu. Krimu zote zilizotumika nyumbani zitieni kwenye mfuko mje nazo.

Na mtoto wa shule msimfanye mkalimani. Naona sana hii, binti wa darasa la nne anamwulizia mama yake kuhusu muwasho wa sehemu za siri. Mama hawezi kusema ukweli mbele ya mwanawe, na mtoto anabeba asichopaswa kubeba.

Aibu ndiyo inayotuumiza, na sijui imetoka wapi katika mji kama huu. Kiswahili chenyewe kilifika hapa kwa miguu, na misafara kutoka pwani na mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Stanley alipokaa Kwihara mwaka 1871 alikuwa na kijana wake Selim, wa kutoka Jerusalem, wa kumtafsiria Kiarabu. Mzungu na bunduki zake zote alihitaji mkalimani, itakuwa mama wa Ulyankulu?

Yule mtoto alipona. Safari ya tatu walikuja nyumba nzima, hadi bibi, na mama ndiye aliyenionyesha mimi jinsi walivyopaka, akianzia shingoni kwa mtoto mkubwa, akashuka mpaka nyayo. Wifi naye alikuwepo, kakaa kwenye benchi nje.