Kubaki kwenye makazi au kuhamia Kampala: mambo ya kupima kabla ya kufunga mizigo

Katika Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali, swali moja limekuwa likiulizwa sana tangu Mei 2025: tubaki hapa, au tuhamie Kampala? Mwezi huo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilitangaza kwamba wakimbizi milioni moja nchini Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula kwa sababu fedha za wafadhili zimepungua. Waliobaki kwenye orodha walikuwa watu 663,000, wale waliohesabiwa kuwa na hali ngumu zaidi. Kwa familia zilizoondolewa, sababu kubwa ya kukaa karibu na kituo cha mgao iliisha.

Mambo mengine mawili yameongeza uzito wa swali hilo. Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wameahirisha mipango yote wakisubiri kesi zao zisonge wakabaki njia panda. Kisha Goma ikatekwa na M23 mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Ndugu wapya waliovuka Bunagana wakapokelewa Nyakabande, wilayani Kisoro, na kutoka hapo wengi wakapelekwa kwenye makazi ambayo ardhi yake ilikuwa tayari imegawanywa mara nyingi.

Uchambuzi huu haumwambii mtu ahame wala abaki. Kila nyumba ina hali yake. Lakini mazungumzo mengi ya kuhama yanalinganisha vitu viwili tu: pesa inayopatikana mjini, na mgao uliokatwa kwenye makazi. Hesabu hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni vitu ambavyo makazi yanakupa bila kuvilipia, na ambavyo hutaviona mpaka siku utakapovinunua.

Sheria inaruhusu nini

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya nchi, haki ya kutafuta kazi na haki ya kufanya biashara. Watoto wa wakimbizi wana haki ya elimu ya msingi kama watoto wa Uganda. Ukilinganisha na Tanzania, ambako wakimbizi wa Nyarugusu hawaruhusiwi kutoka kambini bila kibali, hali ya hapa ni tofauti sana.

Lakini uhuru wa kutembea una masharti yake kisheria, na mtu anayeishi kwenye makazi anashauriwa kuchukua kibali cha safari katika ofisi ya OPM kabla ya kuondoka. Kibali kinakusaidia ukisimamishwa njiani.

Jambo la kukumbuka zaidi ni hili: kuruhusiwa kuishi Kampala hakumaanishi kusaidiwa ukiwa Kampala. Msaada wa chakula na pesa umefungwa kwenye makazi ulikoandikishwa. Mkimbizi anayechagua mji anategemewa kujitegemea. Bado ana haki ya ulinzi, shule na matibabu katika vituo vya serikali, lakini kodi ya nyumba na chakula ni juu yake.

Unachoacha nyuma

Kitu cha kwanza ni kiwanja. Kanuni za Wakimbizi za 2010 zinasema mkimbizi anaitumia ardhi aliyopewa kwa ajili ya familia yake, lakini hana mamlaka ya kuiuza wala kuipangisha. Kwa hiyo anayekuambia atanunua kiwanja chako ili upate nauli anakuingiza kwenye kosa, na yeye mwenyewe hapati hati yoyote ya kumlinda. Kiwanja kilichoachwa bila mtu kinaweza kupewa familia nyingine, na ukirudi baada ya mwaka, huna pa kudai.

Kitu cha pili ni jina lako kwenye mfumo. Mwaka 2018 OPM na UNHCR walihakiki wakimbizi wote nchini kwa alama za vidole, na tangu hapo kila uhakiki unahitaji mtu ajitokeze mwenyewe. Familia iliyo Kampala na haina habari kwamba uhakiki umefika kijijini kwao inaweza kukuta majina yake hayafanyi kazi tena. Hilo linagusa atestesheni, vitambulisho, na hata kesi ya kwenda nchi ya tatu.

Kitu cha tatu ni watu. Likelemba, kikundi cha kuweka na kukopa, jirani anayebaki na watoto ukienda kliniki, mwenyekiti wa RWC anayekufahamu: hivyo vyote vimejengwa kwa miaka. Mjini utaanza upya, na miezi ya kwanza ndiyo utakayowahitaji watu hao zaidi.

Hesabu ya mji, kwa mfano

Tuchukue familia ya watu sita, wazazi na watoto wanne. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Mpigie simu mtu anayeishi mtaa unaoutaka, iwe Katwe, Nsambya au Makindye, kisha uweke bei za huko.

Tuseme muzigo, chumba kimoja, ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Chakula cha 12,000 kwa siku ni 360,000. Madumu manne ya maji kwa siku, kila dumu 300, ni 36,000. Makaa ya 2,500 kwa siku ni 75,000. Mahitaji ya shule na chakula cha mchana cha watoto, 60,000. Nauli ya 2,000 kwa siku 26 za kazi ni 52,000. Sabuni, dawa na simu, 50,000. Jumla ni shilingi 783,000.

Sasa upande wa kipato. Mama anayetembeza vitenge akibaki na faida ya 15,000 kwa siku, siku 26, anapata 390,000. Mumewe akipata kiasi hicho hicho, wote wawili wana 780,000. Wamefanya kazi wote bila siku hata moja ya ugonjwa wala mvua, na bado zinakosekana 3,000. Mtoto mmoja akipata malaria, mwezi umeharibika.

Ongeza gharama za kuanzia. Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi mitatu, hiyo ni 450,000. Chakula, maji na makaa ya mwezi wa kwanza kabla biashara haijashika ni 471,000. Tayari ni 921,000, na hatujahesabu nauli ya familia wala mtaji wa vitenge.

Kwenye makazi familia hiyo hiyo haina raha, hilo hatulifichi. Lakini hailipi kodi ya nyumba, shamba dogo linatoa mihogo na maharagwe, na maji mara nyingi hayanunuliwi kwa bei ya mjini. Ndiyo maana mtu anaweza kupata pesa mara tatu Kampala na bado akalala njaa zaidi kuliko alivyokuwa.

Kazi ipi inahitaji mji

Kampala inamlipa vizuri mtu ambaye ufundi wake unahitaji wateja wengi wenye pesa: fundi cherehani wa mishono ya Kikongo, msusi, fundi wa simu, mfanyabiashara wa vitenge mwenye mtaji wake. Mtu kama huyo kwenye makazi anagawana wateja wachache na mafundi wengine kumi.

Mkulima ni habari nyingine. Ujuzi wake hauna soko katikati ya mji, na akifika huko anaingia kwenye kazi ambayo kila mgeni anaingia, ya kubeba mizigo au kutembeza bidhaa. Kutembeza nako kuna hatari yake. Tangu Januari 2022 mamlaka ya jiji, KCCA, imekuwa ikiwaondoa barabarani wachuuzi wasio na leseni au kibanda sokoni, na bidhaa zikichukuliwa, mtaji wote umekwenda. Anayepanga kufanya biashara Kampala aweke pesa ya kibanda na leseni kwenye hesabu yake tangu mwanzo.

Swali la kujiuliza, basi, ni hili: kazi yangu inakosa nini hapa nilipo? Ikiwa inakosa wateja, mji unaweza kusaidia. Ikiwa inakosa mtaji, mji utaongeza tatizo, kwa sababu akiba ndogo uliyonayo italiwa na kodi ya nyumba.

Shule na lugha

Wazazi wengi wanasema wanahama kwa ajili ya shule. Kampala ina shule nyingi zaidi, ni kweli, na sekondari zake zina nafasi ambazo makazi hayana. Lakini shule za serikali za mjini zimejaa, na hata pale ambapo karo haidaiwi, kuna sare, vitabu na michango. Uliza shule yenyewe kabla ya kuhama.

Mtoto wa darasa la saba asihamishwe katikati ya mwaka. Mtihani wa PLE unafanyika Novemba, na mtoto anaufanyia kwenye kituo alikoandikishwa mapema mwaka huo.

Kuhusu lugha, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na sokoni utapata watu wanaokielewa. Hata hivyo, mteja wa Kampala anauliza bei kwa Kiganda, na shule zinafundisha kwa Kiingereza. Anayeanza kujifunza maneno ya biashara ya Kiganda akiwa bado Rwamwanja atakuwa mbele ya mwenzake.

Kuna njia ya katikati

Familia nyingi zinafikiri kuna chaguo mbili tu. Kuna miji ya karibu pia. Anayeishi Nakivale ana Mbarara, ambayo imekuwa jiji tangu Julai 2020. Anayeishi Kyangwali ana Hoima. Huko unaweza kupeleka bidhaa na kurudi, ukapima soko bila kuhamisha nyumba nzima.

Njia nyingine ni mmoja kutangulia. Baba, mama au kijana mkubwa anakwenda kwanza, wengine wanabaki na kiwanja, shule na kikundi. Njia hii inapunguza hasara, lakini ina ugumu wake. Nyumba zinakuwa mbili na gharama mbili. Mara nyingi anayebaki ni mama, na mzigo wote wa watoto na shamba unamwangukia yeye. Wengine wametangulia, wakanyamaza, na pesa haikuja.

Kwa hiyo mkubaliane kabla ya safari, mbele ya mtu mnayemheshimu: atatuma kiasi gani, kila baada ya siku ngapi, na mwezi gani mtakaa chini kuamua kama wengine wanafuata au yeye anarudi. Miezi mitatu inatosha kuonyesha kama kazi ipo. Tangu 2019 mkimbizi anaruhusiwa kusajili laini ya simu kwa hati zake za ukimbizi, kwa hiyo kutuma pesa kwa simu si kikwazo kama zamani.

Wenyeji nao wanaguswa

Kuhama kwa wakimbizi kunawagusa majirani wa Uganda. Wapo wanaowakodisha wakimbizi mashamba nje ya makazi, na wapo wanaowauzia matoke na maziwa kwenye masoko ya Rubondo na Juru. Wateja wakiondoka, masoko hayo yanapoa. Wakibaki bila mgao na bila kazi, ugomvi wa kuni, malisho na wizi wa mazao unaongezeka. Kiongozi wa LC1 na mwenyekiti wa RWC wanaokutana kupanga ukodishaji wa ardhi kwa maandishi wanaweza kuzipa familia za pande zote mbili sababu ya kubaki.

Kabla ya kuondoka

Ukishaamua kwamba mnahama, haya yafanyike kwanza:

- Chagueni Desemba au Januari. Mavuno ya mvua za pili yameingia na shule zimefungwa, kwa hiyo mnabeba chakula na mtoto hapotezi muhula.
- Maliza mkopo wa kikundi na uchukue akiba yako. Deni likibaki, umefunga mlango wa kurudi.
- Hakikisha majina yote yapo kwenye atestesheni, hasa ya watoto waliozaliwa hapa, na upige nakala za hati zote.
- Omba barua za uhamisho wa shule na kadi za kliniki, hasa kwa anayetumia dawa kila siku.
- Ijulishe ofisi ya OPM na UNHCR namba yako ya simu ikibadilika. Huduma hiyo ni bure. Anayekudai pesa ili akuhamishie faili ni tapeli. Ripoti kupitia simu ya bure ya FRRM.
- Mkifika mjini, jitambulisheni kwa mwenyekiti wa LC1 wa mtaa. Siku likitokea tatizo, yeye ndiye atakayeulizwa kama anawafahamu.
- Weka kando nauli ya kurudi ya familia nzima, na isiguswe hata biashara ikidai.

Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka kwa sababu inaonekana kama kujitabiria mabaya. Lakini familia yenye nauli ya kurudi inaweza kusema hapana kwa kazi ya unyonyaji na kwa mwenye nyumba anayepandisha kodi kila mwezi. Isiyo nayo italazimika kukubali chochote.