Upanga Usio na Funzo: Ryunosuke, Mbaruk wa Gazi na Kasoro ya Uhakiki wa Kiswahili

Uhakiki wa Kiswahili umelizoea mno swali moja hata ukalifanya kipimo cha kila kazi: je, funzo lake ni nini? Swali hili lina manufaa yake darasani. Hata hivyo, linapoelekezwa kwa mhusika anayeua bila sababu wala toba, huzaa majibu mawili tu, na yote mawili ni ya upotoshaji: ama muuaji ni shujaa asiyeeleweka, ama kazi yenyewe ni potovu kwa kuwa haikumwadhibu.

Filamu ya Kijapani Dai-bosatsu Tōge, iliyoongozwa na Kihachi Okamoto mwaka 1966 kutokana na riwaya ya Nakazato Kaizan, huyakataa majibu yote mawili. Ryunosuke, anayeigizwa na Tatsuya Nakadai, anaanza kwa kumuua mzee anayehiji mlimani, ambaye hajamkosea lolote. Kisha anamuua mpinzani wake katika pambano la upanga, ingawa mke wa mpinzani huyo alikwisha kumwendea kumsihi. Hakuna dhuluma ya utotoni inayoletwa ili kumtetea. Mwishoni, ndani ya danguro mjini Kyoto, anasikia sauti za aliowaua. Anakatakata mapazia akiviwinda vivuli, kisha anapigana na watu wa kundi lake mwenyewe, na picha inagandishwa upanga ukiwa bado hewani. Hafi, hatubu, wala hashindi.

Huenda ikadaiwa kwamba mwisho huo ni ajali tu, kwa kuwa riwaya yenyewe, iliyoanza kuchapishwa gazetini mwaka 1913, haikuwa imekamilika mwandishi alipofariki mwaka 1944. Hoja hiyo haina mashiko. Kazi huhakikiwa jinsi ilivyo. Na jinsi ilivyo, filamu hii inamnyima muuaji na hakimu neno la mwisho, ikawapa waliouawa.

Anayedhani kwamba hayo ni ya Wajapani peke yao na aitazame Gazi, kati ya Diani na Msambweni. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, mwenye ngome ya Mwele upande wa bara. Aliwaasi masultani wa Unguja mara kadhaa. Mwaka 1895 aliingia vitani na Waingereza, na mwaka 1896 akavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Kwa sababu hiyo, wanaosoma kila kitu kwa miwani ya ukinzani humwita shujaa.

Ni kweli kwamba alipambana na ukoloni. Ni kweli vilevile kwamba watu wake walivamia vijiji, wakateka watu na kuwauza utumwani. Ukweli wa kwanza haufuti wa pili. Uhakiki unaotafuta funzo hauwezi kuzibeba kweli hizi mbili kwa pamoja, hivyo huchagua moja na kuitupa nyingine. Na inayotupwa, aghalabu, ni ile ya Wadigo na Waduruma waliochukuliwa. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini wahakiki hawa wamejishughulisha na wasifu wa tembo tu.

Haifai kujibu kwamba Mbaruk ni mtu wa historia na Ryunosuke ni wa kubuni. Mara mtu anapoingizwa katika tenzi, tamthilia au kitabu cha shule na kuitwa shujaa, amekwisha kuwa mhusika, na mhakiki anawajibika kuuliza ni sauti ya nani iliyonyamazishwa ili ushujaa huo ukamilike.

Mtafiti anayekwenda Msambweni kuuliza shujaa alikuwa nani atarudi na jina lile lile. Na aulize pia nani alichukuliwa, alipelekwa wapi, na waliobaki walisimulia nini. Masimulizi hayo yanastahili uzito ule ule unaopewa tenzi za vita. Pasipo hayo, kila sifa inayotolewa kwa upanga wa Gazi itakuwa imetolewa bila mashahidi.