Degedege Si Ndege, Ni Ubongo wa Mtoto

Dada zetu wa Unguja, Pemba na Mafia, na nyinyi mnaotusoma mkiwa bara. Sisi ni wanawake wa Kaole, hapa Bagamoyo. Tunashona, tunauza vitenge, tunalea. Leo tunaweka kando mitindo ya madera na bei za vitambaa. Tunataka tuzungumze kuhusu degedege, maana bado linachukua watoto wetu, na nyinyi wa visiwani mnakuja kwetu na watoto kila likizo na kila harusi.

Pwani nzima tumelelewa na simulizi moja. Kuna dege linalopita usiku, kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto anakakamaa, macho yanageuka juu, povu linamtoka. Jina la ugonjwa limetoka huko. Na pamoja na simulizi tumerithi masharti: mtoto asipelekwe hospitali kwanza, kwa kuwa akichomwa sindano atakufa. Afukizwe kinyesi cha tembo, apakwe dawa, dege liondoke, halafu ndiyo hospitali.

Sisi tunasema masharti hayo tuyaache. Bibi zetu walifanya walichoweza kwa walichokijua, na hatuwadharau. Lakini sisi tumesoma, na tunajua kilichomo ndani ya kile kichwa kidogo.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4. Kwa nje umejikunja mikunjo mingi, kama vile sisi tunavyokusanya kitambaa kirefu kwa marinda ili kiingie kwenye kiuno chembamba. Kila sehemu ina kazi yake. Ubongo mkubwa, ulio juu, umegawanyika pande mbili: upande wa kulia unaongoza mkono na mguu wa kushoto, na wa kushoto unaongoza vya kulia. Humo ndimo tunamofikiri, tunamokumbuka, tunamoelewa maneno. Nyuma kwa chini upo ubongo mdogo, unaotufanya tusimame bila kuyumba na sindano ipite pale tunapotaka. Chini kabisa lipo shina la ubongo, linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo hata tukiwa usingizini.

Seli za ubongo zinazungumza kwa umeme mdogo sana, kila moja kwa zamu yake. Mtoto anapopata degedege, seli nyingi zinarusha umeme kwa pamoja bila mpangilio. Mwili unapokea amri nyingi kwa wakati mmoja, ndiyo maana unakakamaa na kutikisika. Huyo hakupigwa na mtu wala hakupitiwa na ndege. Ni ubongo wake umezidiwa.

Kinachouzidi mara nyingi ni homa. Wapo watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 wanaopata degedege kwa homa kali tu, likapita na wakapona bila dosari. Lakini huku kwetu pwani homa hiyo inaweza kuwa malaria iliyofika kichwani. Vimelea vya malaria huingia katika seli nyekundu za damu, na seli hizo hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Damu inapita kwa shida. Ubongo, ambao peke yake hutumia karibu asilimia 20 ya hewa safi inayotumiwa na mwili mzima, unaanza kukosa hewa na sukari. Inaweza pia kuwa homa ya uti wa mgongo. Mama hawezi kutofautisha haya nyumbani kwa kumwangalia mtoto, bibi hawezi, na mganga hawezi. Kinachotofautisha ni kipimo.

Jambo hili limechunguzwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliofanyika wilaya ya Bagamoyo kuhusu namna familia zinavyotibu degedege. Ulionyesha kwamba kwa wazazi wengi, malaria na degedege yalikuwa magonjwa mawili tofauti: homa ni ya hospitali, degedege ni la mganga. Kumbe mara nyingi ni ugonjwa mmoja, na degedege ndiyo hatua yake ya hatari zaidi. Yaani mtoto alipozidiwa ndipo alipoondolewa kwenye njia ya dawa.

Na asiseme mtu kwamba ilimradi mtoto amezinduka, yamekwisha. Kule Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliougua malaria ya kichwa wakanusurika. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba baada ya miaka 2, takriban mtoto mmoja kati ya wanne bado alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Wengine duniani hubaki na kifafa au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Huyo ndiye mtoto tunayemwita mzito darasani, tukamchapa kwa jambo lisilo kosa lake.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wanaosema, "Mganga kwanza, hospitali baadaye, si atafika tu." Kila saa inayopita kwenye kufukiza ni saa ambayo ubongo unakaa na njaa. Na ile sindano tunayoiogopa ndiyo inayoua vimelea. Mtoto aliyekufa baada ya kuchomwa, mara nyingi alifika amechelewa, kisha lawama ikaiangukia sindano.

Kuhusu dini, hatuoni mgongano wowote. Tunakumbuka habari ya mwanamke aliyekuwa akianguka kifafa, akamwendea Mtume (s.a.w.) kuomba dua. Hakufukuzwa wala hakuchekwa. Na Mtume huyo huyo alihimiza watu watafute tiba. Basi msomee mtoto, mwombee, lakini msomee ukiwa juu ya bodaboda kuelekea hospitali. Dua haihitaji mtoto abaki ndani.

Sasa degedege likimshika, tufanye nini? Mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke. Ondoa vitu vya kumuumiza, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, usimkandamize asitikisike. Kisha twende kituo cha afya wakati huo huo, hata kama limeacha na mtoto amelala. Waeleze lilianza saa ngapi na lilichukua muda gani. Na ikiwa ni homa tu, bila degedege, usingoje ifike huko: apimwe siku hiyo hiyo.

Dada zetu wa Unguja na Pemba, nanyi mna la kwenu. Kwenu malaria imeshuka sana, na wengi wanaokutwa nayo huko walikuwa wamesafiri kuja bara. Hiyo ni neema, lakini ina maana mwili wa mwanao haujaizoea. Mkija kutembea Bagamoyo, njooni na chandarua. Mkirudi, na hata wiki kadhaa baadaye mtoto akapata homa, mwambieni mhudumu kwamba alikuwa bara.

Limebaki moja ambalo halisemwi. Mara nyingi mama anajua la kufanya, ila hana ruhusa wala nauli. Usiku wa manane anasubiri baba arudi kutoka baharini, au mama mkwe akubali. Tunawaomba waume zetu na mama wakwe: ruhusa hiyo itolewe leo, mtoto akiwa mzima, ili siku hiyo isiwepo mashauri. Na sisi wenye vikoba tuna uwezo wa kutenga kiasi kidogo kila wiki, kiwe cha nauli ya mtoto mgonjwa, kisiguswe kwa sare ya harusi. Iwepo na namba ya dereva mmoja anayekubali kuamshwa.

Bagamoyo imetoa mchango mkubwa katika vita hivi. Watoto wa hapa na wa Korogwe walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike mwaka 2021. Ni aibu wilaya iliyosaidia dunia kiasi hicho iendelee kuwafukiza watoto wake wakati hospitali ipo.

Kwa hiyo tukubaliane, shoga zetu, na tuwaambie wanetu wa kike wanaoolewa sasa: degedege ni la hospitali, na ni la saa hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na akili zao. Amin.