Staa Wetu, Kabla Hujafunga Hiyo Taa Muulize Mzee wa Mashine

Wadau, ile posti mmeiona. Staa mmoja wa Bongo Movie, mzaliwa wa Iringa (jina tunalo, tunalihifadhi), kasimama mbele ya jumba la zamani la sinema, miwani myeusi, mikono kifuani, anatangaza kwamba anarudisha sinema ya mkanda Nyanda za Juu Kusini. Anaanza Iringa, kisha Mbeya. Chini yake namba ya kuchangia. Mimi nilituma elfu kumi na sijutii.

Juzi ikaja posti ya pili. Taa ya projekta, mtumba wa Dubai, wati 4,000, na maneno "huu mwanga hata Uyole watauona". Likes zikamiminika kama mvua ya Tukuyu. Mimi nikashika kichwa.

Kabla hamjaniita hater, nisikilizeni. Mjomba wangu aliendesha mashine za sinema miaka ya themanini, na utoto wangu wote nimesikia habari za taa kuliko habari za mastaa waliokuwa kwenye picha. Kipindi chake mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni. Unapitisha umeme, unavigusanisha, unavitenganisha kidogo, cheche kali inabaki katikati. Vijiti vinaungua vinaisha, kwa hiyo lazima uwepo pale pale kuvisogeza, ukichungulia kupitia kioo cheusi. Rili moja ya futi 2,000 inakwenda dakika 22 hivi, halafu unaangalia kialama kidogo kwenye kona ya juu kulia ya picha, unahamia mashine ya pili bila mtu ukumbini kushtuka. Moshi wake ulitoka kwa bomba la paani. Bomba likiziba, mwendeshaji anakohoa hadi picha inaisha.

Miaka ya hamsini Wajerumani wakaleta taa ya zenoni. Hii ni balbu ya kioo iliyojazwa gesi kwa shinikizo kubwa, haihitaji kusogezwa kila dakika, na ikitunzwa inafika saa elfu moja na zaidi. Ndiyo aliyonunua staa wetu, na kwa aina hajakosea, maana vijiti vya kaboni leo utavitafuta mpaka uzeeke. Kosa lake ni ukubwa.

Mkanda wa sinema ni plastiki. Mwanga wote unapita kwenye kidirisha cha upana wa milimita 21 hivi, na pamoja na mwanga linakuja joto. Mashine nyingi za zamani zilitengenezwa kwa vijiti vya kaboni vya kiasi, kidirisha chake hakina hata maji ya kupozea. Ukiweka wati 4,000 hapo bila vioo vya kuchuja joto, mkanda unapinda, picha inaingia na kutoka kwenye fokasi, na mkanda wa watu umeharibika. Kwa skrini ya mita nane, wati 1,600 hadi 2,000 zinatosha kabisa. Kipimo cha kimataifa cha mwanga wa sinema ya mkanda ni kandela 55 kwa mita mraba, mashine ikizunguka bila mkanda. Ukizidisha sana watu wanaona picha inamemeta, wanatoka na kichwa kinauma.

Halafu kuna sisi wenyewe na milima yetu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa haiko mbali na hapo. Hewa ni nyepesi, feni ile ile inapoza kidogo kuliko ikiwa Dar. Tunavaa makoti mwezi wa sita tukadhani na taa inasikia baridi, kumbe! Na umeme ukikatika katikati ya picha, feni inazima pamoja na taa wakati balbu bado ina moto. Balbu ya zenoni inatakiwa ipulizwe dakika kumi au kumi na tano baada ya kuzimwa. Bila hivyo maisha yake yanafupika, na balbu inayopasuka inarusha vioo kama bomu. Ndiyo maana anayeibadilisha anavaa ngao ya uso na glavu nene. Kwenye posti staa ameishika kwa mikono mitupu, anatabasamu.

Prodyuza mmoja wa Mbeya, naye hatumtaji, kakomenti kuwa huu ni ushamba, nunueni projekta ya leza mmalize. Bro ana hoja. Bongo Movie haikurekodiwa kwenye mkanda, na kuionyesha hakuhitaji zenoni. Ningekuwa naye kama ahadi ingekuwa "ukumbi mpya". Ahadi ilikuwa mkanda, na mikanda huazimwa kwenye hifadhi, na hifadhi huuliza kwanza una mashine gani, taa gani, na nani anaiendesha. Ukiwajibu "wati 4,000, mtumba, na fundi wa spika za kanisani", hawakuazimi kitu.

Na majumba haya hayasubiri. Ile Drive-in ya Dar ilifunguliwa miaka ya sitini, leo pale Msasani ni ubalozi wa Marekani. Majestic ya Zanzibar, ya mwaka 1955, ilikaa miaka bila paa. Iringa na Mbeya tukichoma pesa za michango kwenye taa isiyofaa, mara ya pili hakuna atakayechanga, na mwenye nyumba ataweka fremu za maduka.

Nilimwonyesha mjomba ile picha kwenye simu. Akaivuta ikawa kubwa, akakaa kimya, akauliza kioo cha nyuma kina fokasi ya sentimita ngapi na kama kimo cha taa kinalingana na lenzi. Mimi najuaje? "Basi na yeye hajui," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Staa, wazee wa namna hii wamebaki wachache, wengine Mshindo, wengine Soweto ya Mbeya. Wapigie. Hiyo taa kubwa iuze, chukua ndogo yenye rektifaya yake, na elfu kumi yangu ibaki huko huko. Ongezea betri ya feni.