Mvuke wa Bure Haupo

Katika viwanda vya sukari, kama vile vya Kilombero na Arusha Chini, boila huchochewa kwa makapi ya miwa. Kwa kuwa makapi hayo hayanunuliwi, wako wasemao kuwa mvuke wake ni wa bure. Mimi kauli hiyo siikubali. Nadhani sisi walimu tumeichangia, maana mwanafunzi hufundishwa kuhesabu joto fiche kwa kilojuli, lakini haulizwi kilojuli hizo zimegharimu nini.

Tuchukue kwanza kiwanda kinachotumia mafuta mazito. Ili kilo moja ya maji ya nyuzi 30 za sentigredi igeuke mvuke wenye kanieneo ya bari 10, huhitaji kilojuli 2,650 hivi, na robo tatu ya hizo ni joto fiche. Kilo moja ya mafuta hutoa kilojuli 40,000 hivi. Tuseme boila hunasa asilimia 80. Zilizosalia hupotea, nyingi zikipitia dohanini. Basi tani moja ya mvuke hula kilo 83 za mafuta. Zidisha kwa bei ya mafuta yaliyofikishwa kiwandani, kisha ongeza maji, dawa za kuzuia ukoko, umeme wa pampu, mishahara na matengenezo.

Mvuke ukishatoa joto lake hurudi kuwa maji ya moto, na viwanda vingine huyamwaga mferejini. Yakirudishwa yote boilani yakiwa na nyuzi 90, tani ile ile ya mvuke itahitaji kilo 75 tu. Kilo 8 zaonekana kidogo. Lakini kwa boila itoayo tani 10 za mvuke kwa saa, usiku na mchana, ni karibu tani 2 za mafuta kila siku. (Na maji yenyewe yalikwisha kusafishwa kwa fedha!)

Makapi nayo, ingawa nusu ya uzito wake ni maji, kila kilo huzalisha takriban kilo 2 za mvuke. Huko Mauritius viwanda vya sukari huuza umeme utokanao nayo. Kwa hiyo bei ya makapi ni ile ya umeme ambao ungeuzwa, au ya kuni na mafuta yanayonunuliwa makapi yaishapo kabla ya msimu.

Mwalimu wa fizikia na aitoe hesabu hii darasani kwa bei za leo. Wanafunzi watakapozuru kiwanda, wamwulize mhandisi maji ya moto huishia wapi.